Sepsisi: Kinga ya Mwili Inapomgeukia Mgonjwa

Tukisikia mtu amefariki kwa "sumu kwenye damu", wengi wetu hudhani kuwa ni vijidudu tu vilivyomuua. Hiyo ni nusu ya habari.

Vijidudu vinapoingia mwilini, iwe kwa kidonda, kwa kitovu cha mtoto mchanga au kwa mama aliyetoka kujifungua, chembechembe nyeupe za damu hupeana taarifa kwa kemikali ziitwazo saitokini. Mojawapo ni TNF. Taarifa hizo huita askari zaidi wa mwili na kupandisha homa. Katika sepsisi hupita kiasi: mishipa huvuja, presha hushuka, na figo, mapafu na ubongo hukosa damu ya kutosha.

Miaka ya 1990 wataalamu walijaribu dawa za kuizuia TNF. Wanyama wa maabara walinusurika, lakini kwa wagonjwa matokeo yalivunja moyo. Kwa nini? Mwaka 2004 watafiti wa Pittsburgh, Marekani, walichapisha jaribio la wagonjwa 1,000 wa kubuni ndani ya kompyuta, waliopewa dawa ya namna hiyo. Wapo iliowasaidia, wapo iliowadhuru, na wapo ambao haikuwabadilishia kitu. TNF hiyo hiyo inayoumiza mwili ndiyo pia inayopambana na vijidudu. Kwa hiyo swali ni kumzuilia nani, na wakati gani.

Hapo ndipo lilipo somo la majumbani mwetu. Kama wataalamu wenyewe wanahangaika kuuzima moto huu ukishawaka, sisi tunasubiri nini nyumbani? Mwaka 2017 pekee inakadiriwa sepsisi iliua watu milioni 11 duniani. Kinachookoa ni kuwahi: antibayotiki sahihi, maji ya mishipa na oksijeni, mapema.

Basi ukimwona mgonjwa wa homa au kidonda anahema haraka, anachanganyikiwa, hapati mkojo, au mwili umekuwa wa baridi, usiseme "Inshaallah kesho ataamka mzima" huku umekaa. Mtoto mchanga akikataa kunyonya, vivyo hivyo. Mpeleke hospitali usiku huo huo. Usimpe vidonge vilivyobaki kabatini.

Na kabla ya yote, nawa mikono kwa sabuni, safisha vidonda, wala usipake kitovu majivu. Moto usiowashwa hauhitaji kuzimwa.