Mahema ya Paulo

Neno la Mhariri

Kila ikifika Jumapili ya kusomewa mapato na matumizi, iwe hapa Mazimbu au kule juu Mgeta, hakosi mzee mmoja wa kusimama na kukumbusha kwamba Paulo alishona mahema. Maana yake ni kwamba mchungaji naye ashone: alime, afuge kuku, mkewe afungue genge, Injili aihubiri bure. Watu wanaitikia kwa vichwa, na mwinjilisti anapanda tena mlima kwa miguu.

Toleo hili linabishana na mzee huyo. Shikamoo yake tunampa, lakini tunabishana.

Mahema yenyewe yasomwe vizuri. Matendo 18 inamwonyesha Paulo kule Korintho akifanya kazi pamoja na Akila na Prisila. Mstari wa 5, Sila na Timotheo wanafika kutoka Makedonia, na tangu hapo Paulo anazama katika kuhubiri. Kilichobadilika kimeelezwa katika 2 Wakorintho 11:9: ndugu wa Makedonia walimletea mahitaji yake. Mahema yalikuwa ya kusogeza siku. Tena sura anamoitangaza hiari yake ya kutolipwa, 1 Wakorintho 9, ndiyo inayotetea haki ya kulipwa kwa urefu kuliko zote: askari, mwenye mizabibu, mchunga kundi, ng'ombe apuraye nafaka, wahudumu wa hekalu, na juu ya wote agizo la Bwana mwenyewe. Paulo aliiacha haki iliyokuwa yake. Mdai anaweza kusamehe deni. Mdaiwa kujisamehe mwenyewe, hiyo ni dhuluma.

Habari ya ng'ombe huku Uluguru inapita mbali kidogo. Miteremko yetu ni ya jembe la mkono. Lakini kibarua tunamjua. Ukimwita mtu akupalilie, chakula kinamfuata shambani, na hakuna anayekiita sadaka. Wagalatia 6:6 inataka hivyohivyo: anayefundishwa ashirikiane na mwalimu wake katika mema yote, si katika noti peke yake. Ndiyo maana mimi siucheki mnada wa baada ya ibada, wenye mkungu wa ndizi, trei ya mayai na jogoo aliyefungwa miguu. Ninachouliza ni kiasi gani cha jogoo huyo kinamfikia mwinjilisti.

Wapo wanaosema sisi ni wachoyo. Sikubali, waone tunavyochangia harusi. Tatizo ni namna tulivyolipokea Kanisa. Mapadri wa Roho Mtakatifu waliofungua Bagamoyo mwaka 1868 na Mhonda mwaka 1877 waliwakusanya watoto waliokombolewa utumwani, wakawalisha, wakawavisha. Walutheri wa huku nao walilelewa na misheni ya Berlin kabla Sinodi yao ya Uzaramo-Uluguru haijaingia KKKT mwaka 1963. Mfuko ulikuwa ng'ambo. Babu zetu walijifunza kukinga mikono kanisani, na somo hilo limekaa. Mazimbu tuna ushahidi wa karibu zaidi: chuo cha wapigania uhuru wa Afrika Kusini kilisimama hapa kuanzia 1978 kwa misaada ya mataifa mengi, na mwaka 1992 wenyewe wakarudi kwao. Majengo yamebaki, sasa ni kampasi ya SUA, na anayeyatunza ni Mtanzania.

Kwa upande wa pili, wapo wanaoisoma Malaki 3 kwa vipaza sauti na kuiruka sura ya 2, ambako wanaokaripiwa ni makuhani. Wanauza "mbegu" kwa mjane. Hao Hesabu 18:26 inawahusu: Mlawi naye alitoa fungu la kumi katika lile alilopokea.

Waandishi wa toleo hili hawakubaliani kuhusu fungu la kumi, na sikuwalazimisha. Wote, hata hivyo, wamerudi Nehemia 13, kwa Walawi walioacha hekalu wakakimbilia mashamba kwa sababu posho yao haikutolewa. Nehemia hakuwafuata Walawi kuwaita wavivu. Aliwakemea wakuu, akawarudisha watumishi mahali pao, kisha akaweka watunza hazina watatu na msaidizi, watu walioaminika, wagawe nafaka, divai na mafuta. Majina yao yote manne yameandikwa katika mstari wa 13. Wahazini wa mitaa, mstari huo ni wenu.