Nani Kakwambia Mbao Chakavu ni za Bure?

Ingia kwenye bustani ya mgahawa wowote unaojiona wa kisasa, uwe Masaki, Nungwi au Kilifi, na mapambo utayakuta yaleyale: benchi la mbao za jahazi, meza ya paleti, matairi yaliyopakwa rangi na kupandwa maua, pipa la mafuta lililokatwa likawa kiti. Ukutani pana kibao kinachotangaza kwamba hapa hakitupwi kitu. Na mwenye mgahawa, ukimsifia, hatakosa kukwambia kwa fahari kwamba vyote hivyo ni vya kuokota, havikumgharimu chochote.

Ugomvi wangu ni na hayo maneno ya mwisho. Benchi lenyewe nalipenda. Nikipewa nichague kati ya kiti cha plastiki na ubao ulioonja bahari miaka na miaka, ubao nauwahi mimi. Ninachokikataa ni imani iliyoenea mjini, tena kwa watu waliosoma, kwamba kilichochakaa ni cha bure, na kwa kuwa ni cha bure basi ni chema: umeokoa fedha, umeokoa mti, umepunguza taka, sasa kaa upigwe picha. Benchi hilo lina gharama. Kama hukuilipa wewe, yupo aliyekulipia, na huenda hata hajui kwamba amekulipia.

Tuanze na fundi. Chukua ubao mmoja wa jahazi kuukuu, wa mkongo au wa msaji, uliofikishwa kwa mafundi wa Keko juu ya mkokoteni. Kabla haujawa benchi lazima uoshwe chumvi na mchanga, ukwanguliwe shahamu na rangi zilizopandana. Kisha ije misumari. Aliyeunda jahazi aliipigilia ili isitoke, akaizungushia pamba yenye mafuta maji yasipate njia. Bustani yako haikuwamo katika hesabu zake. Sasa kichwa cha msumari kimeliwa na kutu, kiwiliwili kimebaki ndani ya ubao na hakionekani. Fundi hupapasa kwa kidole akitafuta doa jeusi, maana kutu ikikutana na ubao wa namna hiyo huacha weusi kuzunguka tundu, na hapo mbao huwa imelegea, unaweza kuichokonoa kwa ukucha. Kila doa ni msumari wa kuchimbwa. Akipitiwa na mmoja tu, msumeno umepoteza meno, au kisu cha mashine ya randa kimepata pengo, na kisu hicho fundi alikinunua kwa hela yake mwenyewe. Ubao ukishakuwa safi, kumbe umepinda: ulikunjwa ufuate tumbo la chombo, na benchi halina tumbo. Kuunyoosha ni kuupunguza. Vipande vya pembeni vinaishia kuwa kuni.

Halafu mteja anakuja.

"Fundi, mbao si nimekuletea mwenyewe? Hela yote hiyo ya nini?"

"Bosi, ingekuwa mbao mpya ningekumalizia kesho yake. Hii imenila wiki nzima."

"Wiki nzima unang'oa misumari?"

Mazungumzo ya namna hii yana mwisho mmoja. Fundi anashusha bei, kwa sababu benchi limeshakatwa kwa kipimo cha bustani ya mtu huyu na hakuna mwingine wa kumuuzia. Mteja anaondoka na hadithi yake ya benchi la bure, na ile tofauti ya bei imetoka tumboni mwa watoto wa fundi.

Tabia ya kutumia vitu chakavu haikuanza na migahawa. Sisi ni watu wa kutumia kitu mpaka kiishe. Katambuga, ambazo Kenya wanaziita akala, zinatoka kwenye tairi. Kibatari ni kopo. Jiko la mkaa lilikuwa pipa au bati la paa la mtu, na mafundi wa Gerezani na Kamukunji wanagonga vyuma tangu asubuhi mpaka masikio yanaziba. Lakini angalia nani alitengeneza na nani alinunua. Vilikuwa vitu vya mtu asiye na uwezo wa kununua kipya, vikitengenezwa na mtu ambaye muda wake hakuna aliyeuhesabu. Bei ilikuwa ndogo kwa sababu jasho lilikuwa halina bei. Sasa mtindo umehama kutoka uswahilini ukaenda kwa wenye nazo, benchi limepanda thamani, wageni wanaulizia linapouzwa, na malipo ya fundi yamebaki kulekule uswahilini.

Kama hoja ya jasho haikugusi, basi ikuguse hii ya sumu. Nguzo za umeme zilizong'olewa zinapendwa sana na watengeneza bustani: ni nene, ni ndefu, na haziozi. Kwa nini haziozi, wakati zimesimama miaka mingi kwenye udongo wenye mchwa? Mkaratusi haukuzaliwa hivyo. Nguzo hutiwa dawa kwa mgandamizo mpaka izame ndani ya mti. Ipo kreosoti, inayotokana na lami ya makaa ya mawe, inayoacha mbao nyeusi yenye harufu inayopanda jua likiwa kali. Ipo nyingine ya shaba, kromiamu na aseniki, inayoacha ukijanikijani. Aseniki ni sumu, na haihitaji utangulizi. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2001 kwamba mbao zilizotiwa kreosoti zisitumike kwenye bustani wala viwanja vya watoto. Marekani nako, viwanda viliacha kutia dawa hiyo ya aseniki kwenye sehemu kubwa ya mbao za matumizi ya nyumbani kufikia mwisho wa 2003. Hapa kwetu nguzo hiyo tunaipasua, tunaipiga msasa bila kitambaa cha pua, kisha watoto wanaikalia na kaptula zao wakila embe kwa mikono ileile iliyoshika ubao.

Na aliye hatarini zaidi hajawahi kulikalia benchi hilo. Ni mama lishe wa jirani na karakana, anayepewa vile vipande vya pembeni awashie moto. Aseniki haiungui ikaisha. Sehemu yake inapanda na moshi anaouvuta akipuliza kuni, nyingine inabaki kwenye jivu, na jivu ndilo analosugulia sufuria. Mwenye mgahawa anasema hapa hakitupwi kitu. Kweli, hakikutupwa; kimepikiwa wali.

Vipande vya paa la asbesto vinavyotumika kuzungushia vitanda vya maua sitavijadili kwa kirefu. Vumbi lake linaleta saratani, na anayevikata kwa msumeno ili vipendeze anajichimbia kaburi. Paleti ina adabu kidogo, kwa sababu inajieleza yenyewe. Tafuta muhuri wenye alama ya suke la ngano. Herufi HT maana yake ilipitishwa kwenye joto kuua wadudu. MB maana yake ilipigwa gesi ya methili bromidi, na hiyo achana nayo. Isiyo na muhuri, muulize aliyekuuzia ilikuwa imebeba nini, na akisema hajui, mwamini.

Tairi la maua nalo lina kesi yake. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa homa ya dengue mwaka 2014, ikapata mwingine 2019. Mbu anayeieneza huuma mchana na hupenda kutaga kwenye maji yaliyotuama ndani ya makopo, ndoo na matairi. Tairi huwa limekunja ukingo kwa ndani, mvua ikinyesha maji yanabaki humo hata ukiligeuza. Asiyelitoboa chini kabla ya kulijaza udongo amefuga mbu, na kulipaka waridi na bluu hakumsumbui mbu hata kidogo.

Lipo pia swali ambalo wapenzi wa vitu vya kale hawapendi kuulizwa: hicho kitu ulichokiokoa kilikuwa kimekufa, au kiliuawa ili ukiokoe? Jahazi lililolazwa ufukweni mpaka mbavu zikaonekana, hilo ni halali yako, chukua. Mlango wa nakshi ni habari nyingine. Ukiuona umelazwa chini ya mwembe umewekewa kioo juu, ukaitwa meza ya bustani, jua kwamba kuna nyumba mahali fulani imebaki na tundu lililozibwa kwa geti la chuma. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, Lamu ikafuata 2001. Sifa hiyo ililinda mitaa, lakini sina shaka iliamsha pia uchu wa kumiliki kipande cha mitaa hiyo. Nenda Maruhubi, kaskazini kidogo ya mji wa Zanzibar. Kasri ya Sultani Barghash iliungua mwaka 1899, zikabaki nguzo zimesimama kwenye nyasi. Marumaru ya hamamu yalibebwa zamani. Naamini waliobeba hawakujiona wezi. Walikuta mali imelala, wakaiamsha.

Kwenye chuma mambo ni mabaya zaidi. Januari 2022 serikali ya Kenya ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa, baada ya minara ya umeme kuanguka na sehemu kubwa ya nchi kuingia gizani, lawama zikielekezwa kwa wahujumu. Kingo za barabara zinapotea. Mifuniko ya mitaro inapotea, mtembea kwa miguu anatumbukia usiku. Chuma hicho hakiyeyuki kikaenda mbinguni. Kuna kinachokwenda kiwandani, na kuna kinachorudi mjini kimechomelewa kikawa miguu ya benchi. Mnunuzi anayejisifu kwamba amepata chuma kwa bei ya chini kabisa angepaswa kwanza kuogopa hiyo bei.

Kituko kuliko vyote ni hiki. Mbao za kale zikiadimika, ukale unatengenezwa. Mbao mpya ya mninga inapigwa minyororo mpaka ipate makovu, inababuliwa kwa moto wa gesi, inapakwa rangi tatu kisha inapigwa msasa rangi zitokee mojamoja, na mteja anauziwa "mbao za jahazi". Mti umekatwa mwaka huu ili uonekane ulikatwa na babu zetu. Na kibao cha kuokoa mazingira bado kiko ukutani.

Najua nitakachojibiwa: kwa hiyo unataka tutupe kila kitu, tununue fanicha za kontena? Hapana. Nataka tuhesabu. Mwaka 2018 Lamu walishusha majini jahazi la Flipflopi, la mita 9, lililoundwa kwa taka za plastiki zipatazo tani 10, likavikwa kandambili 30,000 zilizookotwa fukweni. Mwanzoni mwa 2019 likasafiri mpaka Zanzibar. Ndiyo, taka ilikuwa taka. Lakini iliokotwa na watu, ikachambuliwa, ikayeyushwa, ikatiwa kwenye kalibu, ndipo ikakabidhiwa kwa fundi Ali Skanda na wenzake, ambao ilibidi wajifunze kuichonga plastiki kwa ujuzi waliourithi kwenye mbao. Ukitaka kujua fedha na akili zilikwenda wapi, usitazame kandambili, tazama hiyo mikono. Sijasikia mtu aliyeshiriki kazi ile akisema halikumgharimu kitu.

Benchi la bustani ni jambo dogo kuliko jahazi, ila hesabu ni ileile. Fundi alipwe kwa siku alizofanya kazi, na kisu cha randa kikivunjikia kwenye msumari wako ukinunue wewe. Kabla ya mbao kuingia karakana ijulikane ilikuwa nini na ilitiwa nini. Nguzo iliyotiwa dawa isipasuliwe wala isichomwe. Miguu ikae juu ya jiwe au zege, kwa sababu mchwa hawana habari na uhifadhi wako. Ubao wa kukalia uinamishwe kidogo maji ya mvua yateremke, uachiwe nafasi kati ya ubao na ubao upate hewa, ufungwe kwa skrubu za shaba badala ya misumari ya duka la kona inayoanza kulia kutu masika ya kwanza. Na kwenye kibao kile cha ukutani, chini ya maneno ya mazingira, liandikwe jina la fundi na alipo, ili wageni wanaopiga picha wajue pa kumpata.

Ukijumlisha yote hayo utagundua kwamba benchi la mbao chakavu, likitengenezwa kwa haki, linazidi bei ya benchi jipya. Linazidi, tena si kwa kidogo. Kama bei hiyo inakuuma, viti vya plastiki vimepangwa barabarani vya kila rangi, wauzaji wake hawabani bei sana, na risiti utapewa.