Ukiuza Pijo la babu, jina lako litoke kwanza

Huku kwetu hakuna Mustang. Gari kuukuu linalowafanya watu wageuze shingo pale Rongo ni Pijo, Peugeot 504, ambalo lilishinda Safari Rally mwaka wa 1975 na tena 1978, na huku nyumbani likawa matatu ya safari ndefu. Liliunganishwa humu nchini, ndiyo maana bado utapata bodi zake chini ya miti, Migori hadi Homa Bay, zikingoja kijana mwenye subira na fundi mzuri wa jua kali.

Kazi ya kulifufua twaijua. Kuuza ndiko vijana wengi huchezwa.

Dalali atakuja na bei ya vyuma chakavu. Mwache aongee. Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane kuingizwa nchini, kwa hivyo anayetaka Pijo safi atalitafuta humu humu. Muonyeshe risiti, picha za bodi kabla ya rangi, na umwambie wazi palipochomelewa. Akitaka kulijaribu, panda naye. Mteremko wa Rodi Kopany kwenda Homa Bay mjini utamwambia habari ya breki kuliko mdomo wako.

Lakini karatasi ndizo zenye noma. Mapijo mengi yamebadilishwa injini, wengine wakatia hata ya Toyota. Nambari ya injini isipolingana na ya logibuku, nyoosha hilo na NTSA kabla hujatangaza bei. Na kama logibuku bado ina jina la babu aliyefariki, gari hilo si lako kuuza, hata kama umelimwagia jasho miaka mitatu. Ni mali ya mirathi. Keti na baba zako wadogo, mwende kortini, msimamizi wa mirathi ajulikane. Inachosha, ndiyo, ila kesi ya familia inachosha zaidi.

Kuna mtindo tunaoupinga kabisa: kutia sahihi karatasi za uhamisho bila jina la mnunuzi, kisha gari linauzwa mkono kwa mkono hadi Isebania. Sheria ya Trafiki humchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari, hadi ithibitishwe vinginevyo. Likigonga mtu Awendo mwezi ujao, wa kwanza kutafutwa ni wewe, na mzigo wa kuthibitisha ni wako. Muuzaji ndiye huanzisha uhamisho kwenye eCitizen, mnunuzi anaukubali. Msiojua mtandao, Huduma Centre ziko miji yote miwili.

Pesa nazo zipitie benki, kwani M-Pesa haivuki Sh250,000 kwa mara moja. Akikutumia deposti kwa simu, usisome ujumbe tu. Angalia salio. Funguo zikae mfukoni mwako hadi akubali uhamisho na pesa zote ziwe zimeingia.