Historia yetu imeishia mwaka 1915

Mtu wa kwetu Nyakatuntu, wilayani Kyerwa, akitaka kusoma habari za ufalme wa kale wa Karagwe, kitabu kipo. Israel Katoke alikiandika, The Karagwe Kingdom, kikachapwa Nairobi mwaka 1975. Ni kazi ya msomi aliyewasikiliza wazee kabla ya kushika kalamu, na mimi bado sijaona iliyoipita. Lakini ina mambo mawili yanayonikera: ni ya Kiingereza, na inaishia mwaka 1915.

Nakala yangu ni fotokopi iliyotolewa kwenye fotokopi. Ramani imegeuka weusi mtupu, na pembeni herufi zimekatwa, kwa hiyo unasoma huku unakisia. Ndiyo niliyofundishia historia hadi nikastaafu, nikitafsiri kwa mdomo huku wanafunzi wakiandika. Vijana wa Nkwenda na Isingiro walioko vyuoni bado wanakuja kuiazima, na hairudi bila doa jipya la chai.

Walimwengu wengine wanatujua kupitia Speke, msafiri Mwingereza. Alifika kwa mfalme wetu Rumanyika, huko Bweranyange, Novemba 1861, akiwa na mwenzake Grant, ambaye mguu ulimuuma akabaki kwetu miezi kadhaa huku Speke akitangulia Buganda. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 ipo habari ambayo wanafunzi wangu hawakuisahau. Anamkuta shemeji wa mfalme, mama aliyenenepeshwa kwa maziwa, naye anachukua vipimo vyake kama fundi cherehani: mkono, kifua, paja. Kifua inchi 52. Darasani nilikuwa nauliza, huyu mama aliitwa nani? Wanatafuta, wanarudi tena juu ya ukurasa. Vipimo vipo, jina hakuna.

Kitabu hichohicho kilidai kwamba watawala wa nchi hizi walikuwa uzao wa watu wa Uhabeshi, watu wa aina nyingine kabisa na raia zao. Dai lile lilipokewa na wakoloni, likapandwa Rwanda, na mwaka 1994 sisi wa mpakani tuliona mavuno yake. Miili ya waliouawa huko ilielea mto Kagera hadi Ziwa Victoria, watu wakaacha kula samaki. Wakimbizi walijaa huku kwetu, kambi zikawa Rubwera na Kagenyi. Habari za mwaka ule zimo kwenye ripoti za mashirika, kwa Kiingereza na Kifaransa. Mtoto wa shule ya Kaisho anayeishi karibu na mto wenyewe atazisoma wapi?

Ndiyo maana nasema 1915 ni mbali mno pa kuishia. Tena hata kabla ya hapo, vitabu vinapenda ikulu. Bweranyange ina wafalme wake, ng'ombe wake wa chuma, wageni wake wenye madaftari. Sisi wa pembeni, ambako mto unageuka kuwa mpaka na Uganda, tunatajwa pale jeshi linapopita au wanapoibwa ng'ombe. Nyakatuntu hakukuwa na ikulu. Kulikuwa na watu wenye shemeji ng'ambo.

Na kahawa. Kwangu mimi, historia ya Karagwe na Kyerwa katika miaka niliyoishi ni ya kahawa kuliko jambo lingine lolote, nayo haijaandikwa ipasavyo. Chukua butura. Shule zinafunguliwa Januari, ada inadaiwa, kahawa kibanjani bado haijaiva. Anakuja mwenye fedha, anazunguka kibanja, anaangalia matawi, anataja magunia. Mnakubaliana bei ambayo wote mnajua ni ya dhiki. Msimu ukifika unachuma kahawa ya mtu mwingine kwenye mibuni yako mwenyewe. Serikali inakataza, na kila mwaka kuna mtu anauza. Kisha kulikuwa na zile kahawa za maganda zilizoshuka usiku hadi mtoni upande wa Murongo na kuvuka, kwa sababu ng'ambo bei ilikuwa nzuri na malipo yalikuwa taslimu, wakati huku mkulima aliyepeleka chama cha msingi alisubiri malipo ya pili hadi akachoka. Magazeti yaliandika "magendo" na idadi ya magunia yaliyokamatwa. Aliyebeba gunia, na kwa nini alilibeba, hakuulizwa.

Naijua hoja ya upande wa pili. Uchifu ulifutwa mwaka 1963, tukajenga taifa moja, na vitabu vya makabila vinaweza kuamsha ukabila. Hofu hiyo ilikuwa na maana zamani zile. Lakini Aniceti Kitereza aliandika maisha ya Wakerewe kwa Kikerewe mwaka 1945, mswada ukakaa bila mchapishaji, akautafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikautoa mwaka 1980. Sijasikia kwamba Ukerewe ilitaka kujitenga. Ng'ambo ya Kagera, Katate na Kamugungunu walitoa historia ya wafalme wa Ankole kwa lugha ya kwao mwaka 1955. Sisi Wanyambo, ambao tukifika Dar es Salaam tunahesabiwa Wahaya hata tukikataa, tuna msamiati mzuri wa Runyambo aliouandaa Josephat Rugemalira wa Chuo Kikuu. Msamiati si historia.

Sasa somo la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili, kwa hiyo kisingizio cha lugha kimekwisha. Halmashauri za Karagwe na Kyerwa, zilizokuwa wilaya moja hadi 2012, zinakusanya ushuru wa kahawa kila msimu. Sehemu ndogo tu ya ushuru huo ingelipia tafsiri ya Katoke, kwa ruhusa ya wenye haki, ikachapwa na ramani inayosomeka. Nyingine ilipie vijana wawili watatu wenye vinasa sauti, wapite kata kwa kata waandike kilichotokea baada ya 1915: madini ya bati, vita vya Amin, wakimbizi, kahawa.

Wasianzie kwa viongozi wastaafu, maana hao wana hotuba tayari. Waanze na bibi zetu waliokuwa wanavusha magunia usiku. Majina wayabadilishe, na wasiende na mtendaji wa kijiji. Bibi akishahakikisha kwamba hakuna askari nje ya mlango, atasema hadi betri ziishe.