Arbuni Bila Masharti ni Mbuzi Kwenye Gunia

Vijana wetu wa Voi, Mwatate na Wundanyi siku hizi huagiza kutoka mbali vifaa ambavyo wazazi wao hawakuvijua hata kwa jina. Kimojawapo ni kadi ya grafiki, ile sehemu ya kompyuta inayochora picha tuzionazo kwenye skrini. Mwanafunzi wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Taita Taveta huihitaji ili programu za kuchorea mitambo na migodi zisikwame. Mwenzake huitaka kwa kuhariri filamu, na mwingine kwa michezo tu. Sina ugomvi na yeyote kati yao. Ugomvi wangu ni na desturi ya kulipa kabla ya kuuliza.

Kadi mpya zinapotangazwa, wako wauzaji wa Nairobi na Mombasa wanaopokea oda kabla mali haijafika nchini, nao wanunuzi hutuma arbuni kwa simu wakihofia kuikosa. Hofu hiyo ina chanzo. Kadi ya Nvidia RTX 3080 ilipoanza kuuzwa Septemba 17, 2020, kwa dola 699, iliisha madukani kwa dakika chache, na walanguzi wakaiuza kwa bei ya juu mno. RTX 5090 ilipotoka Januari 30, 2025, kwa dola 1,999, mambo yakawa yale yale.

Hata hivyo, hofu si mshauri mwema. Anunuaye sokoni Voi huishika mali na kuigeuza kabla ya kutoa fedha. Aagizaye hutanguliza fedha, macho yakafuata baadaye. Kwa hiyo masharti ya kurudisha mali ndiyo macho yake ya kwanza, na alipaye bila kuyasoma amenunua mbuzi kwenye gunia.

Namjua kijana mmoja wa hapa Voi aliyetuma arbuni kwa akiba ya miezi mingi. Tarehe aliyoahidiwa ikapita, bei ikapandishwa, na alipotaka fedha zake akaambiwa kuwa arbuni hairudishwi. Hakuwa na hata mstari mmoja wa maandishi wa kumtetea. Bei ingefungwa kwa maandishi tangu siku ya oda, na tarehe ya mwisho ya kurudishiwa fedha ikatajwa, mjadala ungekuwa mfupi.

Yafaa pia tutenganishe mambo ambayo wengi huyachanganya. Kadi ikiwa nzima, ila mnunuzi amebadili nia au haimtoshei, kosa si la muuzaji. RTX 5090 hutumia wati 575, hudai kigawa umeme cha wati 1,000, na ina urefu wa milimita 304. Kupima kasha la kompyuta ni wajibu wa mwenye kompyuta. Katika Umoja wa Ulaya, aliyenunua kwa mbali ana siku 14 za kurudisha mali bila kutoa sababu. Kwetu, aliyebadili nia aghalabu hutegemea masharti ya duka, na kasha likishafunguliwa huenda asisikilizwe.

Kadi ikifika mbovu, hilo ni jambo jingine kabisa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, ambayo ni ya tangu 1931, inamtaka muuzaji atoe mali inayofaa kwa kazi yake, na inampa mnunuzi ambaye hajaiona mali nafasi ya kuikagua kabla ya kuhesabiwa kuwa ameikubali. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 inabatilisha sharti lolote la kumnyang'anya mnunuzi haki hiyo. Lile tangazo la "mali ikishauzwa hairudishwi" haliwezi basi kuwa kinga ya mwenye kuuza kitu kibovu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 nacho kinampa mtumiaji haki ya bidhaa bora, ya habari na ya fidia.

Kadi ikifa baada ya miezi kadhaa, swali huwa la dhamana. Je, ni dhamana ya duka au ya kiwanda? Ni ya muda gani? Na nauli ya kifurushi kutoka Voi hadi Nairobi, zaidi ya kilomita 300, hulipwa na nani? Mkazi wa jiji hutembea hadi dukani. Wa Taveta hutuma kwa basi na kungoja.

Haki isiyo na ushahidi ni ngumu kuidai. Tutunze stakabadhi, ujumbe wa malipo na nambari ya kadi, na tupige picha kifurushi kinapofunguliwa. Mamlaka ya Ushindani hupokea malalamiko ya watumiaji, na Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja.

Nawasihi walimu, hasa wa masomo ya biashara, walete darasani stakabadhi halisi na kuwafunza wanafunzi kuzisoma hadi zile herufi ndogo za chini. Wauzaji nao waandike masharti yao wazi, kwani muuzaji mwaminifu hapotezi kitu kwa kuyaonyesha. Nanyi wanafunzi, kabla ya kubonyeza nambari ya siri, ulizeni: "Isipofika, au ikifika mbovu, itakuwaje?" Asiyetaka kujibu swali hilo kwa maandishi hastahili arbuni yenu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.