Kifuniko cha sufuria ndani ya ordinatere

Gazeti letu lilichelewa siku tatu mwezi huu, na wengine mkadhani karatasi zimekosekana. Hapana. Ordinatere ya ofisi yetu ilikuwa inagandama. Unaiwasha, unaandika dakika kumi na tano au ishirini, kisha mshale unasimama, na hakuna la kufanya isipokuwa kubonyeza kifungo mpaka izimike.

Gazeti kuchelewa si neno kubwa. Shida ilikuwa kwenye sanduku la akiba. Mama mtunza sanduku huingiza hesabu Jumamosi jioni, umeme ukirudi. Jumamosi ile mashine iligandama akiwa katikati. Alipoiwasha tena aliendelea pale alipodhani amefikia, kumbe wamama 14 wa mwisho hawakuwa wamehifadhiwa. Jumapili orodha ikabandikwa ukutani bila majina yao. Mnajua kilichofuata. Hakuna aliyetamka neno "mwizi", lakini Mama aliweka ufunguo mezani akasema hautaki tena. Daftari la mkono lilimtetea, na katika sanduku haikukosekana hata franka moja. Hata hivyo aibu ilikuwa imekwisha kumpata.

Fundi tuliyemwita aliangalia kwa nje, akasema mashine imekufa, tutafute nyingine ya dola 110. Hizo ni pesa za mikopo ya wamama watatu wanaouza samaki. Sisi tunaofundisha watoto sayansi tukaona haya kulipa kabla ya kufungua.

Tuliondoa waya wa umeme, tukafungua ubavu wa sanduku. Ndani kulikuwa safi, maana wiki chache nyuma mashine ilikuwa imepelekwa kufutwa vumbi. Ilikuwa safi kupita kiasi. Chini ya ventilatere kubwa kulikuwa na chipu moja iliyo uchi kabisa, yenye alama ya kijivu iliyokauka juu yake na matundu mawili matupu pembeni. Radiatere yake ndogo haikuwapo. Walioisafisha waliitoa na hawakuirudisha.

Kila mama aliyelisha mtoto uji anajua kazi ya radiatere. Uji wa moto ukibaki kwenye kikombe kirefu, mtoto analia mpaka anachoka. Ukiumimina kwenye sahani pana unapoa upesi, kwa sababu sehemu inayoguswa na hewa imeongezeka. Ukiupepea, unapoa zaidi. Chipu ni ndogo kama kucha, haina mahali pa kutupia joto lake. Radiatere ni sahani yake, na ventilatere ndiyo inayopepea. Lakini si kila kitu kinafaa kuwa sahani. Kijiko cha alumini ukikisahau kwenye chungu kitakuunguza vidole, mwiko wa mti hautakuunguza. Alumini safi hupitisha joto mara kadhaa kuliko chuma cha kawaida, na mara 15 hivi kuliko ile inoksi inayong'aa. Kwa hiyo sahani nzuri za inoksi ziacheni kabatini.

Mtu alituambia shaba inapita zote. Ni kweli, shaba kama ile ya Kolwezi na Likasi hupitisha joto zaidi ya mara moja na nusu kuliko alumini. Lakini ni ya bei, na waya za shaba zinazouzwa kwa kificho jioni tunajua zimekatwa wapi. Asubuhi mtaa mzima uko gizani. Tuliiacha.

Mara ya kwanza tulikata kitako cha sufuria nzito, zile ambazo mafundi wetu huyeyusha vyuma vya zamani na kumimina katika mchanga. Ilipokunjwa ikapasuka kama biskuti. Mara ya pili tulichukua kifuniko cha sufuria nyepesi ya dukani, na hicho kilikunjika bila kulalamika. Tulisugua masizi yote, tukakata kipande cha sentimita 12 kwa 12. Katikati tuliacha mraba wa sentimita 4 bila kuuchana. Kila upande, mbele ya mraba huo, tulichana vipande vinne vya upana wa sentimita moja, tukavisimamisha juu vyote 16, kama ua linalofunguka. Pembe mbili tulizikata. Mbili zinazoelekeana zikabaki, maana ndizo zinazofikia yale matundu mawili. Ili kujua mahali pa kutoboa, tulilaza karatasi juu ya chipu na kuisukuma kwa ncha ya biki penye matundu.

Tulipokaribia sana kuharibu ni hapa: alumini hupitisha umeme pia. Unga wake mdogo ukianguka juu ya karata ya mashine, hapo fundi atakuwa amesema kweli. Fanyeni kazi ya msumeno nje, osheni kipande kwa sabuni, kikaushwe kabisa juani. Chini ya zile pembe mbili weka plastiki, na visi zipitie kwenye vipande vya mviringo vya plastiki. Sisi tulivikata kwenye bidoni la mafuta.

Sehemu inayolala juu ya chipu lazima iwe sawa kabisa. Tuliisugua juu ya karatasi ya msasa iliyotandikwa kwenye kioo, kwa maji kidogo, mpaka rula ikisimama juu yake mwanga haupiti chini. Kazi hiyo peke yake ilikula saa nzima. Kisha visi mbili ndefu, na juu ya kila moja springi ya biki ya kubonyeza, ili radiatere ibanwe bila kugandamizwa. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho ndipo uende wa pili, chipu inavunjika pembe. Kaza kidogo huku, kidogo kule.

Katikati ya chipu na radiatere huwekwa pati nyembamba ya kupitisha joto. Tulitaka kuokoa pesa, tukapaka dawa ya meno. Msicheke, ilifanya kazi siku nne. Ya tano ikakauka ikawa chokaa, na mashine ikagandama tena, safari hii mbele ya Mama mwenyewe. Tukanunua pati ya kweli, kifuko kidogo. Ukubwa wa punje ya mchele unatosha.

Tangu hapo imefanya kazi saa tatu mfululizo, na ukigusa yale majani ya ua unasikia joto la kikombe cha chai, si la kuunguza.

Msijaribu haya kwa ile chipu kubwa iliyo chini ya ventilatere, prosesere. Katika mashine za rika la yetu prosesere hutoa joto hadi wati 65, kama balbu ya zamani iliyofungiwa ndani ya sanduku, na kifuniko hakiliwezi. Hapo safisheni vumbi kwa brashi laini na badilisheni pati, basi. Lile sanduku la chuma linaloingiza umeme lisifunguliwe na mtu yeyote, hata waya ukiwa umeondolewa, maana linaweka umeme ndani kwa muda. Na wenye ordinatere za kubeba, msizilaze juu ya blanketi. Vijiti viwili chini yake vinatosha hewa ipite.

Mama mtunza sanduku amechukua tena ufunguo. Ametoa sharti moja: kabla orodha haijabandikwa, isomwe kwa sauti kutoka kwenye daftari, jina kwa jina, wote wakisikia. Tunaanza Jumapili hii, saa nane, na wale wamama 14 ndio watakaosomwa kwanza.