Mwizi ameandika, sasa afande naye aandike

Wezi wetu wa benki wameandika, nasi tumewasoma mpaka kurasa zikang'oka. John Kiriamiti alifungwa mwaka 1971 kwa wizi wa mabavu, akaachiliwa 1984, na mwaka uo huo My Life in Crime ikatoka. Mwaka 1988 John Kiggia Kimani akaleta Life and Times of a Bank Robber. Mwaka uliofuata Kiriamiti akampa sauti Milly, mwanamke aliyependana na jambazi, naye akapata kitabu chake. Jambazi kasema, mpenzi wa jambazi kasema. Ninayemsubiri hadi leo ni yule aliyekesha ndani ya gari bila blanketi, akingoja jambazi arudi nyumbani.

Nilifundisha Kiswahili shule za sekondari mpaka nikastaafu, na sasa naishi Kanyangi, Kitui. Upande wa pili wa mto Athi ni Makueni. Huku kwetu habari za polisi si ngeni. Tangu enzi za King's African Rifles vijana wa Kikamba wamekuwa wakijiunga na jeshi na polisi, na masoko yetu yana wazee waliorudi na pensheni, redio na kumbukumbu nyingi. Siku ya soko ukikaa karibu nao ukingoja ndengu zako zipimwe, utasikia visa ambavyo hakuna mwandishi wa Nairobi angeweza kuvibuni. Kisha mzee anafariki, tunachinja, tunamzika, na visa vyake vinakwenda naye.

Nataka wazee hawa waandike riwaya. Nataka waziandike kwa Kiswahili, na shujaa wao awe mpelelezi wa kujitegemea, yule mtu sugu asiye na bosi wala pesa, anayepigwa na kuinuka, ambaye wakubwa hawampendi kwa sababu hanunuliki.

Riwaya za namna hiyo zilikuzwa na mtu aliyeifanya kazi yenyewe. Dashiell Hammett aliajiriwa na shirika la upelelezi la Pinkerton huko Marekani mwaka 1915, akaiacha kazi hiyo 1922 kifua kikuu kikiwa kimemwandama, akaanza kuandikia majarida ya bei rahisi. Red Harvest ilipotoka mwaka 1929, wasomaji walikutana na mpelelezi anayeingia mji wa migodi ulioshikwa na magenge, na mkuu wa polisi wa mji huo ni mmoja wao. Mwaka uliofuata ikaja The Maltese Falcon. Hammett alijua namna ya kumfuata mtu barabarani bila kuonekana kwa sababu alilipwa kufanya hivyo, na ukimsoma unasikia miguu ikiuma. Baadaye Joseph Wambaugh, askari wa Los Angeles, alichapisha The New Centurions mwaka 1971 akiwa bado kazini. Aliacha upolisi mwaka 1974, akaendelea kuandika.

Walinganishe hao na James Hadley Chase, ambaye kizazi changu kilimsoma chini ya dawati. Alikuwa Mwingereza wa biashara ya vitabu, na alipoandika No Orchids for Miss Blandish mwaka 1939 Marekani yake aliitoa kwenye ramani na kamusi za misimu ya mitaani. Hadithi zake zinakimbia, sikatai. Lakini ukimaliza kitabu hujui lolote kuhusu Marekani wala kuhusu upelelezi.

Kiswahili nacho kina ukoo wake, na ni ukoo wa heshima. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, alianza kazi akiwa mkaguzi katika idara ya afya, akaingia uhariri wa magazeti. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la 1957-58, ikachapishwa 1960, na mpelelezi wake Bwana Msa akazaliwa. Faraji Katalambulla akatupa Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba, mfanyabiashara, alimwumba Willy Gamba. Ben Mtobwa, mwanahabari na mchapishaji, alimwumba Joram Kiango, na huyo ndiye wa karibu zaidi na mpelelezi ninayemtaka, maana anafanya kazi kwa kujitegemea. Hapa Ukambani tuna David Maillu wa Kilungu, Makueni. Benni Kamba wake, 009, alitokea mwaka 1980 katika The Equatorial Assignment, ila yule ni jasusi na anazungumza Kiingereza. Nawaheshimu wote hawa, na vitabu vyao nimevifundisha na kuvitetea mbele ya walimu wakuu walioviona vya upuuzi. Hata hivyo, kwenye rafu yangu ya riwaya za upelelezi za Kiswahili, hakuna hata moja iliyoandikwa na mtu aliyewahi kuandikisha taarifa ya shahidi.

Jirani yangu mmoja aliwahi kuwa mpelelezi wa CID, kama ilivyoitwa kabla haijawa DCI. Mimi namwita Afande, yeye ananiita Mwalimu. Nilimwazima moja ya riwaya hizo, jina lake sitalitaja, akairudisha ikiwa imejaa maandishi ya penseli pembeni. Shujaa anaokota kisu penye maiti, anakifunga kwa leso, anakitia mfukoni, na sura nyingi baadaye anakitoa mahakamani watu wakashangilia. Afande alikuwa ameandika: "Nani alishuhudia kikiokotwa? Kimeandikwa wapi? Kesi imekufa hapa." Penye ukurasa ambapo shujaa anapanda ndege kumfuata mshukiwa, aliandika: "Nauli katoa wapi?"

Swali hilo la nauli ni riwaya nzima. Mtu aliyefanya kazi hiyo anajua kwamba kesi hufia kwenye tangi la mafuta la gari la kituo. Anajua mlalamishi mwenye mbuzi wawili akiambiwa achangie dizeli, anauza mmoja. Anajua shahidi anayekuja mahakamani mara ya kwanza na ya pili, na ya tatu anachoka kwa sababu kesi inaahirishwa na nauli ni yake mwenyewe.

Siku aliyoirudisha riwaya hiyo akanisimulia kisa cha duka moja. Mwenye duka alilia kwamba wezi wameingia usiku kupitia paa, wamebeba sukari, kadi za simu na pesa za chama cha akina mama alizokuwa amewekewa. Bati moja kweli lilikuwa limefunuka. Wapelelezi wenzake Afande walihesabu rafu zilizobaki tupu. Yeye aliomba ngazi. Juu ya bati, penye misumari, hakukuta alama ya nyundo wala ya mtaimbo, na kutu ilikuwa haijakwanguliwa. Matundu ya misumari yalikuwa yamechanika kuelekea juu. Bati lilisukumwa na mtu aliyekuwa ndani, na mlango ulikuwa na kufuli ambayo ufunguo wake anao mwenye duka peke yake. Afande alishuka, akaomba maji ya kunywa, kisha akaanza kuuliza habari za chama. Za wezi hakuuliza tena.

Faili lile liliitwa na mkubwa, na halikurudi. Akina mama hawakulipwa. Afande akapewa uhamisho wa mbali.

Hapo ndipo ninaposhikilia kwamba shujaa awe mpelelezi wa kujitegemea. Riwaya ya askari aliye kazini ingeishia pale faili lilipoitwa. Mpelelezi wa kujitegemea anaanzia palepale. Amestaafu au amefukuzwa, hana cheo cha kupoteza, hawezi kuhamishwa, na mama mmoja wa chama anakuja kwake na noti mbili zilizokunjwa kwenye kanga.

Nchi hii ina mafaili makubwa kuliko la duka. Mbunge J.M. Kariuki aliuawa Machi 1975, kamati ya Bunge ikachunguza na kuandika ripoti, na hakuna aliyehukumiwa. Dkt. Robert Ouko, waziri wa mambo ya nje, aliuawa Februari 1990. Akaletwa John Troon wa Scotland Yard, ikaundwa Tume ya Gicheru ambayo ilivunjwa 1991 kabla ya kumaliza kazi, Jonah Anguka, aliyekuwa mkuu wa wilaya, akashtakiwa kwa mauaji hayo na kuachiliwa 1994, na hadi leo hakuna aliyepatikana na hatia. Mahakama zimeshindwa kutueleza kesi kama hizi zinakufaje. Aliyekuwa ndani ya ofisi anaweza kutueleza, na riwaya inamruhusu kubadilisha majina na miji.

Najua watakalosema wastaafu. Kwanza, sheria ya siri za serikali. Siwaombi watoe mafaili. Nawaomba watoe ujuzi, yaani namna ya kupanda paa, namna ya kumhoji mtu anayelia, na namna mkubwa anavyoomba faili bila kulitaja. Pili, kwamba hawajui kuandika. Hilo silikubali kabisa. Mtu aliyeandika taarifa za mashahidi kwa maisha yake yote ya kazi anajua kupanga saa, mahali, aliyeingia kwanza na alichosema, bila kupamba. Wanafunzi wangu wengi hawakuwahi kufika hapo.

Na mambo ya kuandika yako mlangoni. Malori ya mchanga hupita usiku. Mwaka 2018 kaunti yetu ilipiga marufuku biashara ya makaa, na kila marufuku huzaa njia za panya. Tangu chuo kikuu cha SEKU, kilichoko Kwa Vonza, kipewe hati yake 2013, ploti za huko ni mazungumzo ya kila kibanda, na ploti iliyouzwa kwa watu wawili inatosha kuanzisha riwaya yoyote.

Tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell imekuwa ikipokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Wachapishaji wa Nairobi nao waache kungoja kitabu cha mtihani peke yake. Wafungue mlango kwa hadithi ya mtu mzima aliyeyaona mambo. Nanyi wapelelezi mliostaafu wa Kitui, Makueni na Machakos, nunueni daftari wiki hii. Andikeni sura ya kwanza, hata kwa mkono. Mimi na walimu wenzangu tuliostaafu tutaisoma na kuisahihisha bila malipo.